Kijungujiko cha Theluji: Ndege Wadogo Wanavyovuka Majira ya Baridi

Chikadii ni ndege mdogo wa misitu ya Alaska, Kanada na nusu ya kaskazini ya Marekani. Ana utosi mweusi, koo jeusi na mashavu meupe, na jina lake limetokana na mlio wake mwenyewe: chika-dii-dii-dii. Uzito wake ni gramu 11 au 12, karibu sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Hahami. Mwishoni mwa Desemba, katika mji wa Fairbanks ulio katikati ya Alaska, jua huchomoza saa tano kasoro asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa mchana. Baridi huweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, kiwango ambacho kipimo cha Selsiasi na cha Farenhaiti husoma namba ileile. Wakati huo damu ya chikadii mchana ina joto la nyuzi 42. Kati ya moyo wake na hewa inayomzunguka pana tofauti ya zaidi ya nyuzi 80, na kinachovitenganisha ni ngozi nyembamba na manyoya ya unene wa sentimita chache.

Ndege huyo akiokotwa amekufa asubuhi chini ya mti, watu husema ameuawa na baridi. Mara nyingi kilichomuua ni njaa. Joto la mwili ni moto, na moto hutaka kuni. Kuni za ndege ni mafuta aliyojiwekea chini ya ngozi. Maadamu mafuta yapo, chikadii mwenye afya anaweza kulala kwenye baridi kali na kuamka. Yakiisha saa moja kabla ya mapambazuko, hapati wa kumkopesha. Maisha yake yote ya majira ya baridi ni ya kijungujiko: anachokipata leo ndicho kitakachompitisha usiku wa leo, na kesho anaanza upya karibu na sifuri.

Udogo wenyewe ndio unaomtia taabuni. Chai iliyomiminwa kwenye kikombe hupoa upesi kuliko iliyobaki kwenye sufuria, ingawa zote zilichemka pamoja. Kitu kidogo kina ngozi kubwa ya kupotezea joto ukilinganisha na ujazo wake wa kulitunzia. Dubu ni sufuria. Anaweza kujaza mafuta ya miezi, akalala pangoni hadi theluji iyeyuke. Chikadii ni kijikombe. Hawezi kubeba mafuta ya wiki nzima, kwa kuwa uzito huo ungemshinda kuruka, na hawezi kukaa siku mbili bila kula.

Wako ndege ambao hesabu hiyo huwashinda, nao huondoka. Mbayuwayu hula wadudu akiwa hewani, na kaskazini ya Ulaya hakuna mdudu anayeruka mwezi Januari. Hivyo mbayuwayu wa huko huvuka Bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara, na kuanzia Septemba au Oktoba huonekana wamejipanga kwenye nyaya za umeme Afrika Mashariki. Pale Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwavisha pete ndogo miguuni ndege wahamaji wanaoshukia taa usiku wa ukungu, wengi wao ndege wa gramu chache waliozaliwa Ulaya na Asia. Safari hiyo ina vifo vyake vingi. Anayebaki nyumbani huepuka jangwa na bahari, na majira ya kuchipua yakifika yeye tayari yuko kwenye eneo lake huku wenzake wangali njiani. Lakini lazima kwanza afike huko.

Kinga yake ya kwanza ni nguo. Mwishoni mwa kiangazi ndege hunyonyoka manyoya yaliyochakaa na kuota mapya, mengi na mazito zaidi. Manyoya ya nje hufungana kama vigae na kuzuia upepo na maji. Chini yake yamo manyoya laini yanayonasa hewa. Kazi ya kutunza joto hufanywa hasa na hewa hiyo iliyotulia, kama ilivyo kwenye blanketi. Yeyote aliyewahi kumwona kuku akijitunisha asubuhi ya kipupwe ameona ufundi wenyewe: akisimamisha manyoya, tabaka la hewa huongezeka na joto hubaki ndani. Chikadii kwenye baridi kali huwa mviringo kama limau lenye mdomo. Akilala huingiza mdomo chini ya manyoya ya bega, kwa sababu mdomo na macho ni sehemu zisizovikwa kitu.

Miguu nayo haina manyoya, na wengi hujiuliza mbona haigandi. Mguu wa ndege chini ya goti una misuli michache sana. Umejaa mifupa na kano zinazovutwa na misuli iliyo juu, mwilini, mahali penye joto. Aidha, mshipa unaoteremsha damu moto umebanana na mshipa unaopandisha damu baridi kutoka kwenye vidole. Damu inayoshuka huiachia inayopanda joto lake njiani. Matokeo yake ni kwamba damu hufika chini ikiwa imepoa, mguu unabaki na joto la juu kidogo tu ya kuganda, na mwili haupotezi moto wake kwenye tawi lililojaa barafu.

Nguo peke yake haitoshi, kwa hiyo ndege hutetemeka. Mtetemeko huu haufanani na wa mtoto aliyetoka kuoga mtoni. Ni misuli mikubwa ya kifua, ileile ya kurukia, inayojikaza na kujilegeza haraka bila kupiga mabawa, na kazi yote hiyo hugeuka joto. Chikadii huweza kufanya hivyo usiku kucha. Ni njia ya hakika, ila inakula mafuta mengi, na hapo ndipo suala zima linaporudi kwenye chakula.

Msitu wa theluji humdanganya mgeni. Macho ya binadamu huona miti mitupu na ukimya. Kwa ndege mwenye mdomo mwembamba na subira, mti huohuo ni ghala lililofichwa vibaya. Mayai ya nondo yamegandishwa kwenye vitawi, buibui wamejikunja ndani ya nyufa za magome, na mabuu wamelala ndani ya mashina. Karibu nusu ya chakula cha chikadii wakati wa baridi ni wadudu na buibui; iliyobaki ni mbegu na matunda makavu. Akiona mzoga wa swala wa kaskazini uliopasuliwa na mbwamwitu, hutua na kudonoa mafuta vipande vidogo vidogo. Katika mashamba ya Marekani humea gugu la maua ya njano liitwalo solidago, ambalo shina lake huvimba kama kinundu pale buu la nzi fulani linapoishi ndani. Buu hilo lina kemikali mwilini zinazoliwezesha kuganda bila kufa. Chikadii na kigong'ota mdogo hulijua sana. Hukitoboa kinundu, humchomoa mwenye nyumba, kisha huendelea na shina la pili.

Yupo ndege mdogo kuliko chikadii kwa nusu. Jina lake la kisayansi ni Regulus, maana yake mfalme mdogo, kwa sababu ya taji la rangi ya dhahabu utosini. Hapa tumwite kijifalme. Ana gramu 5 au 6 tu. Kijifalme wa Ulaya ndiye ndege mdogo kuliko wote barani humo, na nduguye wa Marekani hukaa hadi jimbo la Maine, ambako baridi ya usiku si ya mchezo. Biolojia ya kawaida ingesema mwili wa kiasi hicho hauwezi kuishi hapo, hasa kwa ndege asiyekula mbegu wala kwenda kwenye chakula kinachotundikwa na watu.

Mwanabiolojia Bernd Heinrich, mkaazi wa misitu hiyo, alisumbuka na swali hilo kwa miaka. Ilidhaniwa kwamba kijifalme hula vidudu vidogo mno vinavyorukaruka juu ya theluji. Heinrich alipochunguza matumbo ya ndege wachache alikuta viwavi, wale wanaotembea kwa kujikunja kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri. Hakuna aliyetarajia viwavi wazima juu ya miti katikati ya majira ya baridi. Basi aliingia msituni akaitikisa miti kwa vishindo, na viwavi wakaanguka. Walikuwa wamegandia kwenye vitawi, wamenyooka kama kijiti. Jicho la mtu huwapita. La kijifalme haliwapiti. Jambo hilo lililofahamika kwa kugongagonga miti linafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba mahali fulani hapana chakula.

Chikadii wana jamaa huko Ulaya, mmoja wao akiwa ndege mwenye kifua cha manjano kilichopigwa mstari mweusi katikati kama tai ya karani. Wanasayansi humwita Parus major. Jina la mvaatai litamfaa hapa. Huyu haweki akiba, lakini hakuna ndege mjanja wa kubahatisha kumshinda. Nchini Uingereza, zamani maziwa yalipokuwa yakipelekwa alfajiri na kuachwa mlangoni kwenye chupa, wavaatai na jamaa zao wa utosi wa buluu walijifunza kutoboa vifuniko na kunywa malai iliyoelea juu. Habari ya kwanza iliyoandikwa ilitoka Swaythling, karibu na Southampton, mwaka 1921. Kufikia 1949, James Fisher na Robert Hinde walipokusanya taarifa kutoka kwa watu, tabia hiyo ilikuwa imeenea sehemu nyingi za nchi. Mama wa nyumbani alifungua mlango akakuta chupa imeshaonjwa.

Mwenye njaa hana miiko. Katika pango moja la milima ya Hungaria, watafiti wakiongozwa na Péter Estók walieleza mwaka 2009 jinsi wavaatai walivyokuwa wakiingia ndani wakati wa baridi, kuwatafuta popo wadogo waliolala kwenye nyufa, kuwaua na kuwala. Popo anayeanza kuamka hutoa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomwelekeza ndege. Watafiti walipotundika mbegu za alizeti na mafuta ya nguruwe mlangoni mwa pango, ndege karibu waliwasahau popo. Uwindaji ule ulikuwa wa shida tu.

Chikadii ana njia ya heshima zaidi: huweka akiba. Akichukua mbegu ya alizeti hali palepale. Huruka nayo hadi kwenye tawi, huibana kwa vidole vya miguu, na kuigonga kwa mdomo kama seremala mpaka ganda lipasuke. Wakati wa vuli, mbegu ya pili na ya tatu haziliwi. Huchukuliwa mojamoja, hii ikasukumwa chini ya gome lililoachana, ile ndani ya mkunjo wa majani makavu, nyingine kwenye kuvu la mti, na kila moja hupewa mahali pake. Ghala moja kubwa lingekuwa rahisi kulikumbuka na rahisi vilevile kuibiwa. Maficho mamia yaliyotawanyika hayafilisiki kwa siku moja. Wahenga walisema akiba haiozi, na penye barafu hilo ni kweli tupu: kiwavi aliyefichwa Novemba anaweza kuliwa baadaye akiwa mzima kama aliyetoka kwenye jokofu.

Swali ni namna anavyokumbuka. Majaribio yaliyofanywa Kanada na David Sherry na wenzake yalionyesha kwamba chikadii anaweza kurudi kwenye maficho yake baada ya siku 28, na hafanyi hivyo kwa harufu wala kwa kubahatisha. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo hata kwa binadamu hushughulika na kumbukumbu za mahali. Kwa ndege wanaoficha chakula sehemu hiyo ni kubwa kuliko kwa ndege wasioficha. Anat Barnea na Fernando Nottebohm walionyesha mwaka 1994 kwamba seli mpya za ubongo huingia humo mwaka mzima, na kwa wingi zaidi mwezi Oktoba, yaani msimu ule ule wa kuficha. Kichwa kisichozidi ukubwa wa zabibu hujifanyia ukarabati kabla ya kazi ngumu.

Zaidi ya hapo, ukali wa baridi huonekana kuchagua vichwa. Vladimir Pravosudov na Nicola Clayton waliwakamata chikadii wa Alaska na wale wa Colorado, ambako baridi ni nafuu, wakawalea katika hali moja. Wa Alaska walificha zaidi, walikumbuka vizuri zaidi, na hipokampasi zao zilikuwa kubwa zenye seli nyingi zaidi. Mahali ambapo kusahau ni kufa, wasahaulifu hawaachi watoto.

Penye akiba hapakosi mwizi. Mvaatai, ambaye hafichi kitu, hukaa tawini na kutazama wenzake wakificha. Majaribio yaliyofanywa Sweden yameonyesha kwamba huweza kukumbuka alipoona mbegu ikiwekwa, akaja kuichukua mwenye mbegu akishaondoka.

Kama chakula kinapatikana na akiba ipo, ingetarajiwa kila ndege anenepe kadiri awezavyo. Hawafanyi hivyo. Mvaatai siku ya baridi huanza asubuhi akiwa mwembamba na kumaliza jioni akiwa ameongeza kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wake. Ni kama mtu wa kilo 60 kuongeza kilo kati ya 3 na 6 kabla ya magharibi, kisha kuziteketeza zote usingizini. Angeweza kuongeza zaidi. Kinachomzuia ni kipanga. Ndege mzito huchelewa kuruka na hukata kona vibaya, na kipanga anayetoka nyuma ya kichaka hahitaji zaidi ya kuchelewa huko kudogo.

Ushahidi wake ulitokana na ajali ya historia. Katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, ndege hawa wamehesabiwa na kupimwa tangu 1947. Katika miaka ya 1950 na 1960 vipanga walitoweka sehemu kubwa ya Uingereza kwa sumu za kilimo za jamii ya DDT, kisha sumu hizo zilipodhibitiwa wakaanza kurudi. Andrew Gosler, Jeremy Greenwood na Christopher Perrins walipozipitia takwimu za uzito, waliona kwamba wavaatai walikuwa wanene vipanga walipokosekana, na wakakonda waliporudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Basi uzito wa ndege mdogo ni mapatano ya kila siku baina ya hofu mbili, ya njaa na ya kucha, na unene unaoonekana ni pale mapatano yalipofikia.

Hofu ya pili hupunguzwa kwa kutembea kundi. Majira ya baridi chikadii huacha ugomvi wa mipaka na kuungana na vijifalme, vigong'ota wadogo na wengine, wakipita msituni kama msafara. Kila mmoja hutafuta chakula kwa namna yake, huyu ncha za matawi, yule shina, kwa hiyo hawagombani sana, na macho mengi huwahi kumwona adui. Kwenye msafara pana vyeo. Chikadii wa cheo cha juu hula mahali salama, wa chini husukumwa kwenye matawi ya wazi. Pia pana lugha. Mwaka 2005 Christopher Templeton na Erick Greene walieleza walichokipata Montana: kadiri adui anavyokuwa hatari zaidi, ndivyo chikadii anavyoongeza idadi ya zile “dii” mwishoni mwa mlio. Bundi mkubwa, ambaye ni mzito mno kumfukuza ndege mdogo vichakani, alipewa chache. Bundi kibete, mwepesi na mwenye kuwinda ndege wadogo, alipigiwa nyingi, na kundi zima likaja kumzomea.

Kisha huingia usiku, ambao Fairbanks ni sehemu kubwa ya siku. Chikadii hulala peke yake, mara nyingi kwenye tundu la mti lililooza au lililoachwa na kigong'ota, na tundu linapokuwa dogo sana hutoka asubuhi mkia umepinda. Susan Chaplin, aliyewapima chikadii wa jimbo la New York miaka ya 1970, alikuta kwamba usiku wa baridi hushusha joto la mwili kwa nyuzi 10 hadi 12. Mwili uliopoa hupoteza joto polepole zaidi, hivyo mafuta hudumu zaidi. Ni kama mwenye jiko anayefukia makaa kwa majivu ili asubuhi akute bado kuna moto. Hatari yake ni kwamba ndege aliyepoa hivyo ni mzito kuamka, na akivamiwa ana nafasi ndogo ya kutoroka.

Wengine hutegemea wenzao. Heinrich alipowafuata vijifalme jioni moja hadi walipolala, alikuta wanne wamebanana kwenye kitawi cha msonobari wakawa donge moja la manyoya, mikia tu ikitokeza. Ndege aitwaye reni, mwenye gramu kama 9, mchana hafurahii kabisa kuwa karibu na reni mwingine. Baridi ikizidi hubadili msimamo: mwaka 1969 huko Norfolk, Uingereza, walihesabiwa reni 61 walioingia kulala kwenye sanduku moja la kutagia. Asubuhi, ugomvi uleule.

Ndege mwingine wa kaskazini ya mbali, mwenye paji jekundu na uzito wa gramu 13 hivi, ana ufundi wake. Hula mbegu za miti ya betula. Kwanza hukung'uta matawi mpaka mbegu zimwagike kwenye theluji, kisha huteremka kuziokota. Kooni ana mfuko ambao huujaza haraka kabla ya giza, akaenda kujificha na kuzila taratibu mahali pasipo na upepo. Usiku huweza kuchimba handaki fupi ndani ya theluji na kulala humo. Theluji iliyolegea imejaa hewa kama pamba, na humo ndani baridi hupungua sana kuliko nje.

Ufundi wote huo una mpaka, na mpaka mara nyingi huletwa na hali ya hewa isiyoonekana kuwa mbaya zaidi kwenye kipimajoto. Siku kavu ya nyuzi 30 chini ya sifuri chikadii huishi. Mvua ya nyuzi sifuri inayoganda inapogusa mti ni balaa kubwa zaidi, kwani kila tawi huvaa ganda la kioo, na mayai ya wadudu, viwavi na akiba za vuli vyote hubaki vinaonekana bila kufikiwa. Siku mbili za namna hiyo hufuta kazi ya mwezi. Majira ya baridi ya mwaka 1962 hadi 1963 yalikuwa makali kuliko yote Uingereza tangu 1740, theluji na barafu zikakaa kwa majuma mengi, na reni na vijifalme walikufa kwa idadi ya kutisha. Idadi yao ilirudi baada ya miaka kadhaa, kwa sababu ndege wadogo huzaa watoto wengi. Hata mwaka wa kawaida, wengi wa waliozaliwa majira ya joto hawayaoni yanayofuata.

Binadamu wameingia kwenye hesabu hii kwa mabakuli na vikapu vya mbegu vinavyotundikwa bustanini, jambo ambalo Mswahili anayehamia Minneapolis au Toronto huliona nyumba hadi nyumba na kulistaajabia. Wapo waliohofia kwamba ndege watakuwa wavivu. Margaret Brittingham na Stanley Temple walilipima suala hilo Wisconsin. Mwaka 1988 walieleza kwamba kati ya chikadii waliopata mbegu za watu, asilimia 69 walivuka majira ya baridi, dhidi ya asilimia 37 ya wasiopata. Tofauti ilitokea katika miezi ya baridi kali. Katika miezi ya nafuu tofauti hiyo haikuwepo. Baadaye waliondoa mbegu mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa kwa miaka mingi, na ndege wa hapo wakaishi sawasawa na wale ambao hawajawahi kulishwa. Hawakuwa wamesahau kazi.

Msomaji anayeishi kwenye nchi za theluji na kutaka kuwasaidia anunue mbegu nyeusi za alizeti au mafuta ya ng'ombe yasiyo na chumvi. Mkate hujaza tumbo bila kutia moto. Chombo kioshwe mara kwa mara, maana ndege wanaokusanyika pamoja huambukizana maradhi. Kitundikwe karibu na kichaka cha kukimbilia, na kiwe kimejaa alfajiri na saa ya mwisho kabla ya giza, nyakati ambazo mbegu moja ina thamani kuliko kumi za mchana. Chikadii wa Wisconsin walikuwa wakipata kwenye mbegu za watu karibu sehemu moja tu katika tano ya chakula chao. Nne zilizobaki walizitafuta wenyewe msituni.